Viti vya kanisa: anza na futikamba, bei baadaye

Kamati nyingi za ujenzi hufika kwenye suala la viti zikiwa zimechoka na mfuko umekauka. Bati limepigwa, marumaru yamewekwa, tarehe ya kuweka wakfu imetangazwa, ndipo mtu anauliza watu watakaa wapi. Hapo mjumbe mmoja anamjua fundi, mwingine ameona viti vya plastiki vya bei ya jumla, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Matokeo yake tunayaona kila Jumapili: mabenchi yanayocheza, vanishi inayonata kwenye nguo nyeupe, viti vilivyovunjika miguu vimerundikwa nyuma ya sakristia.

Ubishi wa benchi au kiti uwekwe kando kwanza. Kabla yake kuna maswali mawili: sakafu yenu inabeba watu wangapi kwa raha, na jengo linatumikaje siku nyingine sita za wiki? Kamati ikikaa na maswali hayo kwa jioni moja, ikiwa na karatasi ya miraba na futikamba, itaokoa pesa nyingi kuliko itakayookoa kwa kuomba punguzo.

Hesabu ya sakafu

Chukua jengo la mita 12 kwa 20. Toa mita 4 za madhabahu na ngazi zake, toa mita 2 za nyuma penye mlango. Zimebaki mita 14 za urefu wa kupanga safu.

Nafasi kutoka mgongo wa benchi moja hadi mgongo wa benchi linalofuata iwe sentimita 90. Benchi lenyewe, ukihesabu na mlalo wa egemeo, hula sm 55 hadi 60, kwa hiyo inabaki kama sm 30 ya kupita. Ukibana hadi sm 75 utaongeza safu tatu kwenye ramani, lakini mama mjamzito hatapita bila kuwasimamisha wote, na mtu mrefu atakaa magoti yamegusa mgongo wa mwenzake. Kwa sm 90 mnapata safu 15.

Kwa makanisa yanayopiga magoti, Wakatoliki na Waanglikana hasa, nafasi iwe sm 100. Wengi huogopa kipimo hiki wakidhani watapoteza nusu ya kanisa. Fanya hesabu: mita 14 kwa sm 100 ni safu 14. Mmepoteza safu moja tu. Kuwapigisha watu magoti kwenye nafasi ya sm 85, visigino vimenasa chini ya kiti cha nyuma, ni gharama kubwa kuliko hiyo safu.

Sasa upana. Njia ya katikati watu huipima kwa macho ya arusi, wakafikiria bibi arusi na baba yake. Ipime kwa jeneza. Jeneza lina upana wa sm 65 hivi, na wabebaji wa kulia na kushoto kila mmoja anahitaji sm 45 au zaidi. Hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu. Iwekeeni sm 160, na ikiwezekana 180. Njia za pembeni zisipungue mita 1 kila moja.

Mita 12 ukitoa 1.6 ya katikati na 1.1 mara mbili za pembeni, zinabaki mita 8.2, yaani mita 4.1 kila upande. Mtu mzima aliyevaa nguo za ibada anahitaji sm 50. Kwenye karatasi basi ni watu 8 kila upande, 16 kwa safu, jumla 240.

Lakini hapa ndipo karatasi inapogombana na soko la mbao. Mbao nyingi zinazouzwa kwetu zina urefu wa futi 12, yaani mita 3.66. Ukitaka benchi la mita 4, fundi ataunga mbao mbili, na kiungo hicho kitakuwa cha kwanza kufunguka. Bora mkubali benchi la futi 12 bila kukata wala kuunga: watu 7, kila mmoja sm 52. Mnapata watu 14 kwa safu, jumla 210, na njia ya katikati inapanuka hadi mita 1.8 huku za pembeni zikifika karibu mita 1.4. Hao 30 mliowapoteza watarudi Pasaka na Krismasi kwa viti vya plastiki pembeni, na bado pataachwa njia ya kupita.

Jambo moja la usalama halina mjadala. Safu yenye njia pande zote mbili isizidi viti 14. Safu iliyosukumwa hadi ukutani, yenye njia upande mmoja tu, isizidi 7. Tena milango ifunguke kwa nje, na viti vya akiba visirundikwe mlangoni kamwe. Umeme ukileta cheche katikati ya ibada, watu hawatatoka kwa utaratibu wa kutoa sadaka.

Siku nyingine sita

Benchi si sharti la imani. Kwa karne nyingi Wakristo walisali wamesimama, na Waorthodoksi wa Ethiopia hadi leo husimama muda mrefu wakiegemea fimbo ya sala. Mabenchi yalienea Ulaya baada ya Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, yaliyozaa Uprotestanti, mahubiri yalipochukua sehemu kubwa ya ibada. Na Uwanja wa Mtakatifu Petro kule Vatikani hujazwa viti vya plastiki katika misa kubwa za Papa. Kwa hiyo atakayesema kwamba kiti cha plastiki si cha kanisa, muulizeni hoja nyingine.

Benchi linafaa pale ambapo jengo ni la ibada tu na mpangilio wake haubadiliki. Lina faida ambayo kiti hakina: linabana. Benchi la watu 7 siku ya mavuno hubeba 9, mtoto hulala kichwa kikiwa pajani kwa mama yake, na hakuna mtu anayeliazima kwenda nalo msibani. Kasoro yake ni uzito. Benchi la mninga la futi 12 linataka watu wanne kulinyanyua. Kanisa ambalo Jumanne lina semina, Alhamisi lina mazoezi ya kwaya na Jumamosi lina shule ya watoto kwa makundi, likiweka mabenchi mazito litakuwa limejifunga.

Kwa makanisa ya aina hiyo tunapendekeza viti vya chuma visivyo na mikono, vinavyopandana na kuunganishwa ubavuni kwa ndoano. Visivyo na mikono, kwa sababu kiti cha mikono kina upana wa sm 57 hivi na kisicho nayo sm 48. Kwenye mita 4.1 zetu, cha kwanza kinakupa watu 7 na cha pili watu 8. Kwenye safu 15 zenye pande mbili hiyo ni tofauti ya watu 30, kwa sababu ya mikono tu.

Mbao ipi

Mninga ndio malkia, na sifa hiyo haukupewa bure: ukikauka hausinyai sana wala haupindi, unapigika randa vizuri na rangi yake haihitaji kusaidiwa. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, unadumu, lakini unakula meno ya msumeno na fundi atakudai. Mtiki, au msaji kama wengine wanavyouita, una mafuta ndani yake. Sehemu ya kuunganisha ifutwe kwa kimiminika cha kuyeyushia rangi kabla tu ya kupaka gundi, la sivyo gundi haishiki. Mkaratusi ni wa bei nafuu na una nguvu, ila hupasuka na kujipinda usipokaushwa kwa uangalifu mkubwa. Tungeuacha.

Paini kutoka Mafinga na Njombe ndiyo inayobeba makanisa mengi, na haina aibu. Shida zake ni tatu: laini, huuzwa mbichi, na wadudu huipenda. Ulaini unatibika kwa unene. Ubichi unatibika kwa subira. Wadudu ndio wanaoleta kosa baya kuliko yote.

Mtu atasema, "Basi tununue zile za dawa, za kijani, kama za kwenye paa." Hapana. Dawa hiyo ya kijani mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Kwenye kenchi haimgusi mtu. Kwenye kiti itaguswa na mikono ya watoto, na vumbi lake wakati wa kupiga msasa ni sumu kwa fundi. Marekani iliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani tangu mwisho wa 2003. Kwa samani za ndani tumia dawa ya chumvi za boroni, mbao ziloweshwe kabla ya kuunganishwa, zikaushwe, ndipo zipakwe vanishi.

Bungua, mdudu anayetoboa mbao, naye hachagui paini peke yake. Mninga una sehemu mbili: moyo wenye rangi ya kahawia na ukingo mweupe wa njano. Moyo haumtamanishi, ukingo ni chakula chake. Ukiona fundi ameacha mistari myeupe kwenye egemeo la mninga "kwa urembo", tegemea unga mweupe sakafuni na vitundu kama vya sindano. Kwenye mkataba andikeni: mbao za moyo tu.

Kuhusu ukavu, usiamini neno la mwenye mbao kwamba "hizi zimekaa sana". Kata kipande cha sm 10 kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, kwa sababu mwisho hukauka mapema. Kipime kwenye mizani ndogo ya jikoni. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi, au kwenye sufuria yenye mfuniko juu ya moto mdogo sana kisiungue, ukipime tena na tena mpaka uzito uache kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa mia. Kwa Dar es Salaam na pwani, asilimia 14 au 15 inatosha. Kwa Dodoma au Singida tafuta 10 hadi 12. Ubao wenye asilimia 25 ukitengenezwa benchi leo, miezi sita baadaye ulimi, yaani ncha iliyochongwa kuingia kwenye tundu la ubao mwenzake, umesinyaa ndani ya tundu hilo na benchi linacheza. Fundi atalaumiwa, na lawama ni ya aliyenunua mbao.

Mbao za asili mnunue zenye risiti na kibali cha kusafirishia cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Lori likikamatwa kizuizini, jina la kanisa halitalisaidia kupita.

Benchi lenyewe

Kwa benchi moja la futi 12 la paini mnahitaji (vipimo ni vya inchi) mbao mbili za 2 kwa 8 za kukalia, moja ya 2 kwa 6 ya miguu ya nyuma, tatu za 2 kwa 4 za miguu ya mbele, mikono ya fremu na ufito wa chini, na tatu za 1 kwa 6: mbili za egemeo, moja ya rafu ya vitabu. Kuna vipande vitabaki. Ndivyo vya kuimarishia kona.

Urefu wa kukalia uwe sm 43 hadi 45 kutoka sakafuni. Mafundi wengi hupenda 48 au 50 kwa kuwa benchi linaonekana la heshima. Bibi mfupi hubaki anajinyonga mapaja, damu haipiti, na katikati ya mahubiri miguu imekufa ganzi. Kina cha kukalia kiwe sm 40 hadi 43. Ubao wa kukalia ulale kuelekea nyuma kwa sm 2, na egemeo lilale nyuma ya wima kwa nyuzi 10 hadi 12. Juu ya egemeo paishie sm 85 hadi 88 kutoka sakafuni. Kwa nini mguu wa nyuma utoke kwenye 2 kwa 6? Kwa sababu lazima ukatwe na pindo: chini wima, juu umelala. Fundi anayekwepa pindo hilo hutengeneza benchi lililonyooka kama ubao wa darasani, na waumini huteleza mbele wakijipinda migongo.

Fremu ni tatu. Za pembeni zikae sm 20 ndani kutoka mwisho wa benchi, ya tatu katikati. Benchi la futi 12 lenye fremu mbili tu litabonyea katikati hata kama mbao ni nzuri. Na msikubali ubao wa inchi moja wa kukalia. Ugumu wa ubao dhidi ya kubonyea hukua kwa unene mara tatu ukizidishwa wenyewe: inchi mbili si mara mbili ya inchi moja, ni mara nane. Hakuna punguzo la bei linaloweza kushindana na hesabu hiyo.

Viungo vya fremu viwe vya ulimi na tundu, ulimi ukiwa theluthi moja ya unene wa mbao, na gundi ya mbao ipakwe pande zote mbili. Misumari haifai hapa. Benchi la kanisa halichakazwi na wanaoketi. Linachakazwa na wanaosimama. Kila "tusimame", watu wa nyuma hushika egemeo la mbele na kujivuta, na benchi huyumba mbele na nyuma mara kadhaa kwa kila ibada. Msumari hulegea kwa mwendo huo, ulimi haulegei.

Mbao za kukalia zifungwe kwa skrubu kutokea chini, kupitia tundu lililorefushwa kidogo kufuata upana wa ubao. Mbao hupanuka kipindi cha masika na kusinyaa kiangazi. Ukizifunga kwa nguvu pande zote zitapasuka zenyewe. Kati ya mbao mbili acha mwanya, na upana wake mkaujaribu kwenye benchi la mfano. Ukiwa mwembamba mno hubana ngozi ya paja, ukipanuka vidole vya watoto hunasa na sarafu za sadaka hupotea. Ukingo wa mbele uzungushwe vizuri.

Rafu ya vitabu iwe na ukingo wa mbele wa sm 3 ili Biblia isidondoke, na isiingie kwenye nafasi ya magoti ya mtu wa nyuma zaidi ya sm 14. Ubao wa kupigia magoti uwe na urefu wa sm 15 hadi 18 kutoka sakafuni na upana wa sm 18, na sponji ngumu ya sm 4 au 5. Uwe wa kukunja juu kwa bolti zenye washa ya nailoni, na chini yake raba, la sivyo baada ya ekaristi mtasikia milio ya mabomu kutoka mbele hadi nyuma.

Sasa vanishi, chanzo cha malalamiko kuliko yote. Vanishi ya bei rahisi inalainika kwa joto la mwili na jasho. Kanisa likijaa na mapangaboi yakazidiwa, gauni jeupe linainuka na alama ya ubao. Tumia vanishi ya poliyurethani. Msasa namba 80, kisha 120, kisha 220. Mkono mmoja wa rangi ya kuziba vinyweleo, msasa mwepesi, kisha mikono mitatu myembamba ya vanishi, kila mmoja ukisubiri ule wa chini ukauke kweli. Mkono mmoja mzito haulingani na mitatu myembamba. Juu hukauka, chini hubaki bichi. Kisha benchi lisiketiwe wiki mbili hadi tatu. Hapo ndipo kamati zinapoanguka, kwa sababu askofu anakuja Jumapili.

Pakeni na upande wa chini pia. Ubao uliopakwa juu tu hunywa unyevu kwa upande mmoja na kujikunja kama kigae. Sehemu za chini za miguu, zile zinazogusa maji ya kudekia, ziloweshwe vanishi mara mbili na ziwekewe vipande vya raba. Mguu unaonyonya maji ya deki kila Jumamosi huoza kuanzia ndani.

Kumwagiza fundi

Aanze na benchi moja la mfano. Likalieni kwa dakika 90 watu wa aina mbalimbali: bibi mfupi, kijana mrefu, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye maumivu ya kiuno. Dakika tano haziwezi kusema chochote. Rekebisheni, sahihini mchoro wenye vipimo, ndipo aendelee.

Malipo yafuate kazi: sehemu ya kwanza ya mbao, ya pili fremu zikiwa zimekamilika *kabla* ya gundi, ili mjumbe aone ndimi na matundu kwa macho yake, ya tatu kabla ya vanishi, na asilimia 10 ibaki kwa miezi sita. Vanishi huficha dhambi nyingi. Pimeni pia mlango na kona ya baraza kabla ya kuanza. Benchi la mita 3.66 halikunji kona nyembamba, na kulikata mguu ili liingie ni kazi ya huzuni.

Viti vya chuma na plastiki

Kwa chuma, bomba la milimita 22 au 25 lenye unene wa ukuta milimita 1.2. Wauzaji wengi wana la milimita 0.8, linaonekana sawa dukani. Tofauti utaijua kwa mizani: pimeni uzito wa kiti cha mfano, uandikeni kwenye mkataba, na mzigo ukifika pimeni vitatu au vinne vilivyochaguliwa ovyo. Angalieni kiungo cha mguu wa nyuma na kiti. Kichomelewe kuzunguka pande zote, si nukta mbili. Pwani msikubali rangi ya kupulizwa kawaida, chukueni ya unga iliyookwa kwenye tanuru, na mabomba yawe yamezibwa miisho. Chumvi ya hewani huanza kula kutokea ndani.

Sponji iwe ya uzito wa kilo 30 kwa mita ya ujazo au zaidi, unene wa sm 5. Zile laini sana zenye kilo 16 au 18 hupendeza kuketi dukani, na mwaka mmoja baadaye umekalia ubao. Leza bandia husafishika haraka lakini kwenye joto la Tanga au Mombasa hutoa jasho na huanza kubanduka vipande. Kitambaa kizito chenye rangi ya kati, si cheusi wala cheupe, kinafaa zaidi. Kina faida nyingine isiyotajwa dukani: sauti. Kanisa la bati, marumaru na kuta tupu huvuma, na maneno ya mhubiri hukutana yenyewe kwa yenyewe. Viti vya kitambaa hunyonya mwangwi huo hata vikiwa vitupu, plastiki na mbao havifanyi hivyo. Msipige bajeti ya spika mpya kabla ya kufikiria hili.

Vya plastiki tungevinunua kama akiba, au kwa kanisa changa linalohamahama. Kiti kizuri kina uzito wa kilo 2 na zaidi. Chepesi kuliko hapo, au chenye mistari meupe ukikikunja kidogo, kimejazwa chokaa na mabaki ya plastiki. Kikaliwe na mtu mzito, aegemee nyuma juu ya marumaru, na mwangalie miguu ya nyuma: ikitanuka na kuteleza, rudisheni. Jua ndilo adui yake mkubwa. Kiti kinachokaa nje mwaka mzima huwa kikavu na kupasuka ghafla bila kuonya. Kwa hiyo kisiachwe chini ya mti hadi Jumapili ijayo. Pangeni si zaidi ya kumi kwa rundo, na viandikeni jina la kanisa chini ya kalio kwa rangi. Viti vya plastiki vina tabia ya kwenda arusini na kutorudi.

Wasiokaa kama wengine

Mabenchi mawili ya mbele na mawili ya nyuma yafupishwe kwa mita moja upande wa njia. Hapo ndipo kiti cha magurudumu kinakaa, ndani ya safu pamoja na familia, nafasi ya sm 90 kwa 130. Kumweka mtu njiani ni kumfanya kizuizi. Kwa wazee, wekeni viti vichache vyenye mikono na urefu wa sm 47, kwa sababu goti bovu linahitaji mahali pa kusukumia. Akina mama wanaonyonyesha wakae karibu na mlango wa pembeni.

Kwaya isipewe benchi. Mwimbaji anataka kiti kigumu, bapa, kisicho na mikono, na jukwaa la ngazi zenye kina cha sm 90 ili asimame bila kusukuma kiti chake kikaanguka kwa waimbaji wa ngazi ya chini.

Baada ya hapo

Miezi sita ya kwanza mbao zinatulia. Kazeni skrubu zote mwishoni mwa kipindi hicho, kabla ya kumlipa fundi asilimia yake 10. Kila mwaka hamisheni mabenchi ya mbele kwenda nyuma na ya nyuma mbele, maana watu hupenda kukaa nyuma na hayo ndiyo yanayochakaa. Kagueni chini kwa tochi mkitafuta unga wa bungua na vichuguu vya mchwa miguuni. Msiyafunge mabenchi sakafuni kwa bolti katika mwaka wa kwanza. Mtataka kusogeza safu mbili tatu baada ya kuona watu wanavyopita, na matundu kwenye marumaru hayazibiki. Wekeni akiba ya mbao mbili za kukalia zilizokwisha kupakwa vanishi, mita chache za kitambaa kilekile, na mchoro wa fundi kwenye faili la ofisi, pamoja na jina la vanishi na namba ya rangi yake.